Ankara Iliyonyamaza: Uchambuzi wa Kesi ya Escobar

Ankara zenyewe hazikuwa na sentensi hata moja. Zilikuwa na misimbo: huu wa tiba ya mtu mmoja mmoja, ule wa tiba ya familia, mwingine wa ushauri kuhusu dawa, na kando yake namba ya utambulisho inayoonyesha mhudumu ni nani kikazi. MassHealth, yaani mpango wa jimbo la Massachusetts wa Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato kidogo, ulizipokea, ukaona zimekaa sawa, ukalipa. Ilibidi kufika tarehe 16 Juni 2016, mbele ya majaji wanane wa Mahakama ya Juu ya Marekani, ndipo lijibiwe swali lililojificha ndani ya namba hizo: je, karatasi inaweza kuwa ya uongo kwa sababu ya kile ilichokinyamazia?

Jina la kesi ni refu: Universal Health Services dhidi ya Marekani kwa niaba ya Escobar. Wanasheria wanaiita Escobar tu, kwa jina la mmoja wa wazazi walioifungua. Anayetaka kuielewa aanze na msichana aliyeisababisha, maana hukumu yenyewe inamwacha nyuma mapema.

Mwaka 2004 binti mmoja alianza kuonyesha matatizo ya tabia, akapelekwa kupata nasaha kwenye kituo cha Arbour Counseling Services mjini Lawrence. Kituo kilikuwa chini ya kampuni tanzu ya Universal Health Services, na gharama zake zilibebwa na Medicaid. Kwa miaka mitano watu watano wa kituoni walimhudumia kwa nyakati tofauti. Mmoja wao alitamka kwamba binti ana ugonjwa wa bipola, na mwingine, aliyetambulishwa kama daktari, akamwandikia dawa. Mwezi Mei 2009 dawa ile ilimdhuru. Hali ikazidi kuwa mbaya, akapatwa na degedege, akalazwa hospitalini. Mwezi Oktoba mwaka huohuo degedege ikamrudia, akafariki akiwa na miaka 17.

Baada ya msiba wazazi walizungumza na mshauri mmoja wa kituo hicho, na hapo ndipo pazia lilipofunuka. Kati ya wale watano, ni mmoja tu aliyekuwa na leseni inayostahili. Mwanamke aliyetoa jina la ugonjwa alijitambulisha kuwa mwanasaikolojia mwenye shahada ya uzamivu. Shahada hiyo ilitoka kwenye chuo cha intaneti kisicho na ithibati, na jimbo lilikuwa limekwisha kukataa ombi lake la leseni ya saikolojia. Aliyeandika dawa, ambaye familia ilielezwa kuwa ni daktari wa magonjwa ya akili, alikuwa muuguzi asiyeruhusiwa kuandika dawa bila kusimamiwa. Tena hawakuwa peke yao. Hati ya madai inataja wafanyakazi wapatao 23 wasio na leseni za kutoa huduma za afya ya akili, waliokuwa wakitoa nasaha na kuandika dawa bila mtu wa kuwasimamia, ingawa kanuni za Medicaid za jimbo zilidai usimamizi huo.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu waandishi wengi hupapita kwa haraka. Mambo hayo yote yalikuwa madai. Kesi ilipanda hadi mahakama ya juu kabisa kabla ya shahidi hata mmoja kuapishwa, kwa kuwa kilichobishaniwa ni iwapo hati ya madai inatosha kuifungulia kesi mlango. Katika hatua hiyo majaji huyachukua maelezo ya mlalamikaji kana kwamba ni kweli, kisha hujiuliza: hata kama ni kweli, je, sheria imevunjwa? Kwa hiyo anayesema Mahakama ya Juu iliikuta kampuni na hatia ameisoma hukumu kichwa chini.

Njia ya wazazi

Wazazi walianza kwa kulalamika kwenye ofisi mbalimbali za jimbo. Uchunguzi ukafanyika, na ikaonekana kituo kilikiuka kanuni zaidi ya kumi na mbili za Medicaid za Massachusetts, zinazohusu sifa za wahudumu na usimamizi wao. Mwaka 2011 wakaenda mahakama ya shirikisho, na sheria waliyoishika mkononi ndiyo inayoipa kesi hii sura yake ya ajabu.

Sheria ya Madai ya Uongo ilipitishwa mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikiwa vimepamba moto, ili kuwabana wafanyabiashara waliokuwa wakiliuzia jeshi la Muungano, yaani la serikali ya shirikisho, bidhaa mbovu kwa bei ya bidhaa nzuri. Inasema kwa ufupi kwamba anayeidai serikali malipo kwa uongo, akijua, atalipa mara tatu ya hasara, na juu yake faini kwa kila ankara. Inampa pia raia wa kawaida ruhusa ya kufungua kesi kwa niaba ya serikali. Raia huyo hupeleka hati yake kwa siri, serikali ikapewa muda wa kuamua kama itaingia yenyewe. Ikiingia na kushinda, aliyefichua hupata asilimia 15 hadi 25 ya kinachopatikana. Ikikaa pembeni na yeye akaendelea mwenyewe, hupata asilimia 25 hadi 30. Katika kesi hii serikali ya shirikisho haikuingia. Wazazi waliendelea wenyewe, na serikali ikaja baadaye mbele ya Mahakama ya Juu kama rafiki wa mahakama tu, yaani mtoa maoni asiye mhusika wa kesi, ikiunga mkono hoja yao.

Angalia sasa sheria hiyo inamtazama nani. Inamtazama mlipaji. Mwathirika wake ni hazina ya serikali, na jeraha lake ni dola zilizotoka kwa hila. Binti aliyekufa hana mstari wake humo. Wazazi walioingia mahakamani wakiwa na uchungu wa mtoto walilazimika kusimama kama mawakala wa kapu la fedha za umma, wakieleza jinsi kapu lilivyodanganywa. Siwalaumu, wala siilaumu sheria kwa kuwa kile ilichoundwa kuwa. Lakini mtu akisoma kurasa za hukumu na kujiuliza mbona zinaongelea bunduki na stepla kuliko zinavyoongelea dawa ya mtoto, jibu ni hilo.

Ngazi tatu, majibu matatu

Jaji wa mahakama ya wilaya ya Massachusetts aliitupa kesi mwaka 2014. Hoja yake ilikuwa kwamba kanuni zilizovunjwa, karibu zote, ni masharti ya kuruhusiwa kushiriki katika mpango wa Medicaid, wala si masharti ya kulipwa. Tofauti hii inasikika kama mchezo wa wanasheria, ila ilikuwa na mashiko kwenye mahakama nyingi za wakati huo: ukivunja sharti la kushiriki, adhabu yako ni kuonywa au kufukuzwa kwenye mpango, ukivunja sharti la malipo, ankara yako ndiyo inayogeuka uongo.

Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Kwanza, yaani mahakama ya rufaa ya shirikisho ya kanda hiyo, yenye makao Boston, ilipindua uamuzi huo mwaka 2015. Kwa maoni yake, kila anayepeleka ankara anakiri kimyakimya kwamba ametimiza masharti yanayohusika, na kanuni za Massachusetts zenyewe zilionyesha kuwa usimamizi ni sharti la kulipwa.

Mahakama za rufaa za nchi nzima hazikuwa zikiimba wimbo mmoja. Mzunguko wa Saba, wenye makao Chicago, ulikuwa umeikataa kabisa dhana ya kukiri kimyakimya: kama hukuandika uongo, hukusema uongo. Mzunguko wa Pili, wenye makao New York, uliikubali kwa masharti, kwamba kanuni iwe imetamka waziwazi kuwa malipo yanaitegemea. Hapo ndipo Mahakama ya Juu ilipoingia.

Ukweli nusu

Hukumu iliandikwa na Jaji Clarence Thomas, na hakuna jaji aliyepinga. Walikuwa wanane kwa sababu Jaji Antonin Scalia alifariki Februari mwaka huo na kiti chake kilikuwa bado kitupu.

Jibu la kwanza la Thomas limejengwa juu ya jambo la kale kuliko Medicaid. Sheria haimwadhibu kila anayenyamaza, lakini akishaanza kusema, hana ruhusa ya kusema kipande kinachopotosha kwa sababu ya kipande alichokiacha. Akatoa mifano iliyotoka kwenye kesi za zamani. Muuzaji wa kiwanja anamwambia mnunuzi kwamba huenda barabara mbili mpya zikapita karibu na kiwanja hicho, anaiacha ya tatu anayoijua. Mwombaji wa kazi ya kufundisha chuoni anaorodhesha kazi zake za nyuma, kisha anaandika kuwa alistaafu, bila kutaja kwamba kustaafu kwenyewe kulikuwa kifungo gerezani kwa utapeli wa benki wa dola milioni 12. Hakuna neno la uongo kwenye karatasi yake, na bado kila anayeisoma amedanganyika.

Ukizirudia zile ankara za Lawrence ukiwa na mfano huo kichwani, namba zinaanza kusema. Msimbo wa tiba ya mtu mmoja mmoja unamwambia mlipaji kwamba tiba imetolewa. Namba ya utambulisho inamwambia imetolewa na mtu wa cheo fulani. Ofisa yeyote wa Medicaid anayezisoma, asema Thomas, angeamini kwamba mhudumu ana mafunzo na sifa ambazo Massachusetts inazidai kwa kazi hiyo. Kuzipeleka bila kusema kwamba sifa hizo hazipo ni kusema ukweli nusu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na hapa mshindo ulisikika kwenye daftari la mhasibu.

Wapo waliotaka zaidi ya hapo. Serikali ilipenda ikubaliwe kwamba kila ankara, hata isiyosema lolote mahususi kuhusu huduma, ni ahadi ya kutimiza kanuni zote. Mahakama haikuufika mlango huo. Ilisema angalau pale ankara inapotoa maelezo mahususi yanayopotosha, kosa lipo. Neno hilo “angalau” limewalisha mawakili wengi tangu siku ile, maana mahakama za chini zimeendelea kubishana kama ni mpaka au ni mfano tu.

Bunduki na stepla

Jibu la pili ndilo lililobadilisha mchezo, na kwa maoni yangu ndilo lenye makali pande zote mbili. Thomas aliitupa tofauti ya masharti ya kushiriki na masharti ya kulipwa. Kibandiko kilichobandikwa na serikali juu ya kanuni ni ushahidi mmojawapo, hakiamui peke yake. Kinachoamua ni uzito: je, mlipaji angejali?

Chukua mkataba wa bunduki. Serikali haikuandika popote kwamba bunduki lazima zifyatue risasi. Muuzaji akileta zisizofyatua, hawezi kujitetea kwamba sharti hilo halikuandikwa. Ajua kila mtu kwamba bunduki isiyofyatua si bunduki. Sasa geuza. Serikali inanunua huduma za afya, na mahali fulani kwenye lundo la masharti imeandika kwamba watoa huduma wanunue stepla zilizotengenezwa Marekani. Mtoa huduma akatumia stepla ya nje. Je, ankara yake ya matibabu imegeuka utapeli unaolipiwa mara tatu, eti kwa sababu serikali iliandika kwamba kila sharti ni la malipo? Mahakama ikasema hapana. Kipimo cha uzito ni kikali, na sheria hii si fimbo ya kumchapia kila aliyevunja mkataba au kanuni.

Mpaka hapo sina ugomvi. Mtu asiye na leseni anayemtibu mtoto kwa dawa za akili ni bunduki isiyofyatua. Haihitaji shahada ya sheria kuliona hilo. Ugomvi wangu uko kwenye sentensi zinazofuata. Mahakama ilisema kwamba kama serikali inalipa ankara fulani kikamilifu huku ikijua kwa hakika kwamba masharti fulani yamevunjwa, huo ni ushahidi mzito kwamba masharti hayo hayana uzito. Vivyo hivyo kama ina desturi ya kulipa ankara za aina hiyo ikijua.

Kimantiki inaeleweka: anayejua na bado analipa, amesema kwa mkono wake kwamba hajali. Lakini ofisi ya umma haina mkono mmoja. Anayesoma malalamiko si anayelipa ankara. Anayelipa ankara anaiachia kompyuta. Na hata ofisi ikijua, inaweza kuendelea kulipa kwa sababu ikikata malipo leo, wagonjwa mia kadhaa hawana kwa kwenda kesho. Subira ya namna hiyo si kutojali, na bado mshtakiwa anaweza kuichukua akaifanya ngao: mlijua, mkalipa, basi halikuwa na uzito.

Ngao hiyo imejaribiwa. Huko Florida kampuni zilizosimamia nyumba za kutunzia wazee zilishindwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama, yaani raia walioteuliwa kuamua kesi, mwaka 2017, na hukumu ikafika dola milioni 347 baada ya hasara kuzidishwa mara tatu. Januari 2018 jaji akaifuta, akiegemea Escobar: serikali ilikuwa imeendelea kulipa, na haikuthibitishwa kwamba kasoro zile zingeizuia. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikarudisha sehemu kubwa ya hukumu, na jinsi ilivyoigawa inafundisha. Madai kwamba nyumba hizo ziliandika huduma nyingi kuliko zilizotolewa yalirudi, maana hapo mlipaji analipia kitu ambacho hakipo. Madai kuhusu mipango ya matunzo ambayo haikuandikwa ipasavyo hayakurudi. Moja bunduki, moja stepla.

Kurudi Boston

Mahakama ya Juu haikumaliza kesi. Iliirudisha kwa Mzunguko wa Kwanza, uitazame upya kwa kipimo kipya, na tarehe 22 Novemba 2016 mahakama hiyo ikatoa jibu lilelile kwa njia nyingine. Kanuni za leseni na usimamizi, ikasema, ndizo kiini cha makubaliano kati ya MassHealth na wanaoihudumia. Kampuni ilikuwa imejenga utetezi wake juu ya ile ngao: jimbo lilipata malalamiko, jimbo liliendelea kulipa. Mahakama haikukubali. Kusikia madai kwamba kanuni zimevunjwa si sawa na kujua kwa hakika kwamba zimevunjwa, na hakuna kitu ndani ya hati ya madai kilichoonyesha kwamba MassHealth ililipa ankara hizo ikiwa na ujuzi huo.

Kwangu mimi, hiyo ndiyo sehemu ya kesi inayostahili kusomwa zaidi kuliko ile ya Washington, ingawa ndiyo isiyosomwa. Inaziba kiasi fulani ule ufa niliolalamikia. Mwenye ankara hawezi kujificha nyuma ya barua ya malalamiko iliyolala kwenye jalada la ofisa mwingine. Ajabu ni kwamba wazazi hawa walikuwa karibu kuadhibiwa kwa kufanya kile ambacho raia mwema huambiwa afanye kwanza, yaani kwenda kulalamika kwenye ofisi husika.

Suala la kujua lilirudi Mahakama ya Juu mwaka 2023, katika kesi ya maduka ya dawa ya SuperValu, na kwa mara nyingine kalamu ilikuwa ya Thomas na kura zote zilikuwa upande mmoja. Kinachotazamwa ni kile mshtakiwa alichoamini moyoni alipopeleka ankara, wala si tafsiri ya kanuni ambayo wakili wake aliibuni baadaye. Mwezi huohuo wa Juni 2023, katika kesi nyingine, Thomas aliandika maoni ya kupinga akihoji kama Katiba inaruhusu kabisa raia binafsi kuendesha kesi kwa jina la serikali. Septemba 2024 jaji mmoja wa Florida aliifuata hoja hiyo na kuamua kwamba hairuhusu. Mtu aliyewafungulia mlango wazazi wa Lawrence ndiye anayeuliza kama mlango wenyewe ulipaswa kuwepo.

Massachusetts yenyewe haikuishia kwenye kituo kimoja. Kesi nyingine ilifunguliwa dhidi ya South Bay Mental Health Center, ikiwa na madai ambayo msomaji wa Escobar angeyatambua mara moja: wahudumu wa afya ya akili wasio na leseni, wasiosimamiwa na watu wenye sifa, na ankara zilizopelekwa Medicaid kana kwamba kila kitu kimo mahali pake. Kituo kililipa dola milioni 4 mwaka 2018. Mwaka 2021 ikawa zamu ya waliokuwa juu yake. Kampuni ya uwekezaji ya H.I.G. ilikubali kulipa dola milioni 19.95, na viongozi wawili wa zamani wa kituo wakalipa dola milioni 5.05. Wawekezaji wale hawakumtibu mgonjwa wala kujaza msimbo hata mmoja. Walichoulizwa ni walijua nini kuhusu wasimamizi wa kituo chao wakati ankara zikiendelea kutoka.